Sweta la Mama Juu ya Turubai

Ilianza Jumamosi, saa tisa na robo mchana. Nina hakika na saa kwa sababu ile saa ya mezani ya baba ilikuwa mbele yangu, na nilikuwa naikodolea macho ili nisitazame mikono yangu. Mikono yangu ilikuwa inafumua sweta la mama.

Nianze na sanduku. Mama alipofariki, mwanzoni mwa masika, wanawake wa kanisani walikunja nguo zake zote, wakazitia kwenye sanduku la bati na kulifunga kwa kamba ya katani. Kwetu Njombe nguo za marehemu haziguswi mpaka mkubwa wa upande wake aje. Yeye ndiye anayefungua, yeye ndiye anayegawa, na wengine wote wanakaa kimya wakati anagawa. Mkubwa huyo alikuwa bibi, mama yake mama. Mvua zilikuwa zimekata barabara, kwa hiyo hakuwahi kuja kumzika mwanawe. Tulikuwa tunangoja barabara zikauke. Sanduku likakaa chini ya kitanda changu, hapa Temeke, majuma tisa.

Mie nikalifungua. Siwezi kusema sikujua, nilijua fika. Nilifungua kwa sababu asubuhi ya siku ile, nikiwa bombani na ndoo yangu, nilijaribu kumkumbuka mama usoni nikashindwa. Mikono yake niliikumbuka. Nilikumbuka kisigino chake cha kulia chenye ufa, na namna alivyokuwa akikohoa kidogo kabla ya kusema jambo zito. Uso haukuja. Niliona kitambaa cha kichwa, nikaona masikio, na katikati hapakuwa na kitu. Mwanamke wa nyuma yangu akasema, "We binti, ndoo imejaa inamwagika, umelala?" Nikajitwika nikaondoka.

Picha yake hatuna. Iliyopo ni moja ya shule ya misheni aliyosoma, wasichana wengi wamepangwa kwenye ngazi, naye yuko nyuma kabisa. Aligeuza kichwa wakati wa kupigwa picha. Uso wake ni mdogo kama punje ya mtama, tena umefutika. Baba alisema Krismasi tutakwenda wote kwa mpiga picha mjini. Krismasi ilipofika mama akasema, "Tungoje nipone hiki kikohozi. Sitaki kutoka kwenye picha nimekonda." Tukangoja.

Shuleni, mwaka ule, picha ya Malkia wa Waingereza ilikuwa imetundikwa juu ya ubao mahali palipokuwa na ya baba yake, Mfalme, na kwa kuwa ya Mfalme ilikuwa kubwa zaidi, ukuta ulibaki na alama nyeupe kuizunguka ya binti. Wakati wa sala ya asubuhi mie nilikuwa natazama ile alama.

Mwalimu wetu wa kazi za mikono, mama mmoja wa Kizungu mwenye umri mkubwa, alikuwa ametujia siku chache kabla ya Jumamosi ile na picha aliyoitengeneza mwenyewe. Ilikuwa ya mchungaji na kondoo. Mbingu na vilima vilikuwa vya rangi, vimepakwa kwenye turubai lililowambwa juu ya fremu ya mbao. Lakini kondoo walikuwa wa sufu ya kweli, nyuzi zimebandikwa moja moja kwa gundi, zikikatwa fupi huku na ndefu kule, mpaka ukipitisha kidole unahisi mgongo wa mnyama. Hata nyasi zilikuwa nyuzi. Darasa zima lilitaka kushika. Mie huwa sinyooshi mkono darasani, naogopa sauti yangu. Siku ile nilinyoosha.

"Mwalimu, na nywele za mtu zinawezekana?"

Aliyekaa nyuma yangu akanong'ona, "Anataka kujibandikia za kwake, zimegoma kuota," na benchi lote likacheka. Mwalimu akasema zinawezekana, na nguo za mtu pia. Nikaandika kila alichosema kwenye daftari. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano. Ukiiva, tia mrututu kiasi cha ncha ya kisu, ile sumu ya buluu wanayopaka watu kwenye vidonda sugu, ili wadudu wasile. Hilo la mrututu nililipigia mstari. Lipo mpaka leo kwenye daftari, na mstari wake.

Basi nikawa na njia ya kumpata mama, ila sikuwa na sufu. Temeke nani ana sufu? Sufu ilikuwa moja tu, ndani ya sanduku.

Sweta lile mama alilifuma mwenyewe akiwa msichana, kwa sufu aliyozawadiwa na misheni. Lilikuwa la kahawia iliyokolea, lenye mistari miwili ya njano kwenye mikono. Yeye na bibi walilivaa kwa zamu, aliyewahi shamba asubuhi ndiye aliyelivaa. Alipoolewa bibi akamwambia aende nalo. Hapa Dar es Salaam lilikaa miaka bila kazi, mpaka alipougua. Homa ilipompanda alilivaa mchana wa jua kali, anatetemeka, na mama mwenye nyumba, Mzaramo mwenye maneno mengi, alikuwa anampepea huku anamtania, "Nyie watu wa bara mna mambo! Utaiva humo ndani kama ndizi." Mama alicheka. Kicheko chake nakisikia mpaka sasa. Mdomo uliocheka siuoni.

Kufumua ni rahisi kuliko nilivyodhani. Ukishaipata ncha ya shingoni, unavuta tu, na safu inakimbia yenyewe kutoka bega hadi bega. Kazi ya miezi ya mama niliimaliza kabla saa ya baba haijafika kumi na mbili. Uzi ulitoka umejikunjakunja, haulali. Mwalimu alikuwa amesema uzi wa zamani uoshwe, uanikwe ukiwa umefungiwa jiwe chini ili unyooke. Nikauosha kwa sabuni ya mche. Maji yakawa ya kahawia. Uzi ulipokauka niliusogeza puani, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Ulinuka sabuni. Wakati nafungua sanduku harufu yake ilikuwepo, moshi, mafuta ya nazi na ile dawa ya kifuani, nami niliimwaga nyuma ya choo pamoja na maji.

Sikulia. Niliona kwamba sasa nimeshaharibu kiasi cha kutorudi, kwa hiyo picha lazima itoke nzuri. Bibi akija nitampa picha, na ndani ya picha mama atakuwa amelivaa sweta lake, sufu ileile. Nilijiambia hivyo kila siku. Nadhani nilikuwa naamini.

Baba ni karani wa ghala. Nilimwomba kipande cha turubai na mabaki ya rangi. Tangu mama afariki baba alikuwa haulizi mambo.

"Ya shule?" akasema.

"Ndiyo, baba."

Akaleta kipande cha turubai kilichochanika upande, na makopo matatu yenye mabaki chini: kahawia, nyeupe inayoelekea njano, na kijani. Nilikiwamba kile kipande kwa misumari juu ya vipande vya mbao za boksi. Mama mwenye nyumba akaja kusimama, ungo mkononi.

"Unatengeneza nini, mwanangu?"

"Picha, mama."

"Turubai zuri hilo, unalipaka rangi! Jiko langu linavuja miaka miwili, mvua inanihesabia mafiga. Nipe mie nizibe, hiyo picha utachora kwenye gazeti." Akacheka mwenyewe. Kila alipopita alisema hivyohivyo: "Turubai langu linaendeleaje?"

Nilianza na uso, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Rangi ya mafuta haikauki upesi kwenye unyevu wa huku. Unapaka jicho leo, kesho ukiligusa linateleza. Tena sikujua macho yakae wapi. Nilimuuliza baba, "Mama alikuwa na macho makubwa?" Akasema, "Yalikuwa ya kawaida." Akatoka nje. Basi nikachukua kioo chake cha kunyolea nikakiegemeza kwenye dirisha, nione tu kwa jumla jinsi pua inavyoshuka na mdomo unavyokaa. Kwa jumla tu. Nilifuta, nikapaka, nikafuta. Siku ya tano au ya sita uso ukakubali. Ulikuwa uso wa mtu kweli, unakutazama. Nilifurahi hata nikamwita mama mwenye nyumba aje aone.

Alitazama sana. Alivuta kanga mabegani, akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule.

"Umejipatia kweli," akasema. "Mpaka hilo shavu. Lakini mbona umejichora mzee hivyo?"

"Si mimi. Ni mama."

Aliacha kutabasamu. "Aa. Ni mama'ko." Kisha akaongeza haraka, "Ndiyo, ndiyo, naona sasa. Mnafanana nyie." Lakini mama alifanana na watu wa kwao, uso mrefu. Mie nimefanana na baba, kila mtu husema hivyo. Nilipobaki peke yangu nilitazama turubai, nikatazama kioo, na kweli, nilikuwa nimekaa siku sita najichora mwenyewe. Mama hakuwepo hata kidogo.

Ningeacha pale, lakini jioni ileile baba alirudi na barua. Ilikuwa ya bibi, binamu mmoja ndiye aliyemwandikia. Baba aliisoma kwa sauti mezani. Bibi anatusalimu, hajambo, magoti tu. Barabara zimefunguka, atapanda basi, kisha gari moshi, atafika Ijumaa ya wiki inayofuata. Baba akaendelea kusoma: "Mimi mzee sihitaji vitu. Nguo wapeni wanaozihitaji. Ninaomba sweta tu. Nitalivaa, kisha mnizike nalo."

Baba akaikunja barua. "Sweta lipo sandukuni, sivyo?"

"Lipo," nikasema.

Ndiyo, nilisema hivyo. Nimeliandika neno hilo jinsi nilivyolitamka, sitaki kulipamba.

Siku zilizobaki nilifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Sikuwa na mama usoni, lakini niliwaza kwamba sweta likitoka sawasawa, bibi atalijua, na akilijua sweta atamwona mwanawe mwenyewe, hata kama mie simwoni. Nilikata nyuzi. Za nywele nilizikata fupi nikazikunja kwenye njiti ya kiberiti. Za sweta nilizilaza ndefu, mstari juu ya mstari, kwa kufuata safu zake, na ile mistari miwili ya njano nikaiweka mahali pake kwenye mikono. Nililikumbuka sweta lile kwa kila tundu. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba kitambaa nilikikumbuka vile.

Kuhusu gundi. Mama mwenye nyumba alikuwa na mrututu kwenye kichupa. Nilimwomba kidogo, akanifungia kwenye karatasi, akasema, "Usije ukalamba, utamfuata mama'ko." Alikuwa anatania kama kawaida yake. Nilirudi chumbani, uji wa ngano unapoa kwenye sufuria, ile punje ya buluu kiganjani. Nikashindwa. Nitampakaje mama sumu kichwani na kifuani, kifua kilekile kilichomuua? Niliitupa chooni. Nikabandika kwa uji mtupu.

Nilimaliza Jumanne. Nikaifunga picha kwenye shuka kuukuu, nikaisukuma chini ya kitanda, nyuma ya sanduku, upande wa ukutani. Sanduku nikalifunga upya kwa kamba ileile, na fundo nikalifunga kama lilivyokuwa. Sikuitazama tena. Niliogopa kwamba nikiitazama nitaona sura yangu.

Bibi alifika Ijumaa. Mdogo kuliko nilivyomkumbuka, miguu imevimba kwa safari, ana blanketi begani. Nilipiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umerefuka, utaninyang'anya mzee wangu." Akanishika kidevu, akanitazama usoni muda mrefu, na nilijua anamtafuta nani. Kisha akaniachia.

Nami nilimtazama. Niliwaza labda mama yumo humo, kwa kuwa ni mamaye. Lakini uso wa mzee umejaa mikunjo yake mwenyewe.

Jumamosi mchana sanduku likatolewa uani, kwenye mkeka. Tulikuwa wachache: bibi, baba, wanawake wawili wa kanisani, na mama mwenye nyumba, ambaye bibi alisema akae kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Bibi akaomba. Akafungua kamba. Akatoa kanga, mbili mbili, akagawa. Gauni la kanisani. Kitambaa cha kichwa, hicho akanipa mie. Watu kimya, kama inavyotakiwa. Alizidi kutoa mpaka nikasikia kucha zake zikikwaruza bati.

"Sweta haliko," akasema.

Baba akanitazama. "Si ulisema lipo?"

Nilisimama. Nilikwenda chumbani, nikavuta lile furushi kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa jepesi kama nilivyoliacha. Nililileta, nikapiga magoti mbele ya bibi, nikasema maneno niliyoyafanyia mazoezi juma zima: "Bibi, nimekuwekea lote, pamoja na mwenyewe." Nikafunua shuka.

Mende walitoka kwanza. Sio wengi, kumi, labda kumi na tano, wakatawanyika juu ya mkeka, na mmoja wa wale wanawake akapiga kelele akainua miguu. Kisha nyuzi zikaanguka. Zilianguka taratibu, vishada vishada, kwa sababu chini yake hapakuwa na gundi tena, ilikuwa imeliwa yote, imebaki vumbi jeupe. Nywele zilidondoka. Kifua kilidondoka. Mkono wa kushoto, mstari wa njano ulining'inia kidogo, nao ukaachia. Palibaki turubai na uso wa kahawia, upara, unatutazama sote. Uso wangu.

Mama mwenye nyumba alifunika mdomo kwa kanga. Baadaye sana akanong'ona, si kwa mtu yeyote, "Mrututu si nilimpa mie?"

Baba akasema, "Ulifungua sanduku." Hakuuliza. "Ulifungua sanduku kabla ya bibi yako."

Bibi alikuwa anaokota. Aliokota vishada akaviweka mapajani, akachambua punje za uji kwa ukucha, kama anavyochambua mtu mchele. Alipopata kishada kizuri alikiinua puani. Akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi, macho amefumba. Nilijua atasema nini, na nilitamani nife kabla hajasema.

"Imefuliwa," akasema.

"Nilitaka inyooke, bibi."

"Nimekaa siku tatu njiani," akasema, "nikijua kwamba nikifika nitamnusa mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anaelezea safari. Akatazama turubai. "Na huyu ni nani?"

Nilishindwa kumwambia ni mama. Kusema ni mimi pia nilishindwa. Nikatazama chini. Akamgeukia baba: "Mwanangu, nisaidie kuinuka. Magoti." Akaenda kulala akiwa amevaa blanketi lake, mchana, jua likiwa juu. Jioni hakula. Nilipompelekea maji alisema, "Weka hapo, mtoto wa binti yangu." Hakuniita mke mwenzangu tena.

Asubuhi yake, Jumapili, baba na bibi walikwenda kanisani mapema. Hawakuniita. Nilikaa uani na turubai nikanyofoa nyuzi zilizokuwa bado zimeshika, nikaokota na zile za kwenye mkeka. Nyingi nilizikata fupi mno, haziunganiki. Zilizokuwa ndefu nilizifunga ncha kwa ncha, nikazikunja. Sweta zima la mtu mzima lilitoa kibonge cha ukubwa wa yai. Nilikiweka juu ya blanketi la bibi, nikakiondoa, nikakiweka tena.

Kisha nilimpelekea mama mwenye nyumba turubai lake.

"Sitaki, mwanangu," akasema, akarudi nyuma. "Nilikuwa nakutania. Nitaziba kwa debe."

"Si ulisema linavuja?"

"Livuje."

Nilikigeuza kinu nikasimama juu yake, nikalitandika turubai mwenyewe juu ya bati la jiko, palipotoboka, nikaligandamiza kwa matofali mawili. Uso niliuelekeza juu. Ningeuelekeza chini ungenitazama kila nikija kuomba moto. Juu kuna jua na mvua, vitamalizana nao. Mama mwenye nyumba alinishikia kinu mpaka nikashuka.

Nyumbani hapakuwa na maji. Nilichukua ndoo nikaenda bombani, na kwa kuwa ni Jumapili foleni ilikuwa ndefu, nilisimama nikatazama nyuso za wanawake, mmoja baada ya mwingine, mpaka zamu yangu ikafika.